Mlango wa Nyuma wa Ukumbi wa Tulley

Mavis Ramsden hakupenda vikao, na kwenye kikao cha kamati ya ukumbi Jumanne ile alikwenda shingo upande. Alikaa mwisho wa meza, koti hajavua, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri basi. Kilichokuwa mezani ni mlango. Si ule wa mbele wenye nguzo na vioo vya rangi, ambao mji mzima wa Burnshaw unajivunia; ni wa nyuma, wa wasanii, wa mbao nyeusi, unaofungukia kichochoro cha Mtaa wa Calico. Walitaka kuung'oa waweke lifti.

"Lifti inaingia hapo tu," alisema Rukhsana Mir, meneja wa ukumbi, mzaliwa wa Burnshaw hiyohiyo, ambaye baba yake aliendesha basi namba tisa mpaka alipostaafu. "Huku tuna mfereji, kule ukuta wa baa, na mbele hapaguswi. Bila lifti, Bi Mavis, halmashauri hawatupi kibali. Tunafunga. Ukumbi utabaki wa kutazamwa. Watu watapita Jumapili, watapiga picha kamba zako, halafu wataenda zao kunywa chai."

"Kamba si za kutazamwa."

"Haya, umesema mwenyewe. Sasa?"

"Mlango hauguswi."

Rukhsana alivua miwani akajifikicha macho. Alikuwa anampenda mama huyu, na siku hiyo angeweza kumnyonga.

Ngoja nieleze, maana watu wa siku hizi wanaingia Tulley, wanasifia taa na dari, halafu wanadhani vitu hivyo vimejihifadhi vyenyewe. Ukumbi ulijengwa mwaka 1868 na mwenye baa, Josiah Tulley, ili watu wa viwanda vya pamba wapate pa kunywa, kuitikia viitikio na kumzomea mwimbaji mbovu. Jukwaani hakuna mashine hata moja. Yale mapazia makubwa yaliyochorwa bustani na bahari hupanda na kushuka kwa kamba za katani, zinazovutwa na mtu aliyesimama juu kabisa, kwenye roshani nyembamba ambayo mtazamaji haioni. Amos Ramsden alizivuta miaka arobaini. Binti yake Mavis alipanda ngazi ile akiwa na miaka kumi na tano, na sasa ana sabini na saba, bado anapanda. Anafumba macho, anashika kamba, anakwambia pazia gani, limebakiza kiasi gani, na kama jana kulikuwa na unyevu.

Ukumbi ulipofungwa mwaka 1971, kila mtu alichukua kilichochukulika akaondoka. Mavis alichukua ufunguo. Kwa miaka kumi na moja, kila akitoka zamu kiwanda cha biskuti, alikuwa anapita kwa mlango wa nyuma kumwaga ndoo za maji yaliyovuja darini. Ndoo kumi na nne, mwanamke mmoja. Walimwita kichaa. Walipokuja watu wa kujitolea kuufufua ukumbi, wakakuta sakafu kavu, wakashangaa, wakaunda kamati, wakamweka mwenyekiti, wakatundika kibao cha shaba chenye jina la mwenyekiti. Ndoo hazikutajwa. Mimi bado zinaniuma. Mavis, ukimuuliza, atakwambia tu kwamba mbili zilikuwa zimetoboka.

Alikuwa mpweke. Sitaki kulipaka hilo rangi. Nyumba yake ya Mtaa wa Peel ilikuwa na kikombe kimoja kwenye kibao cha kukaushia vyombo, na ukutani misumari miwili ya kutundikia makoti, mmoja mtupu tangu misumari ilipopigiliwa. Alikuwa anabishana na redio. Jumapili, siku ambayo Tulley hakuna onyesho, alikuwa anapaka nta viatu ambavyo hakuvivaa. Hakuolewa, hakuhama, na tangu mwaka 1964 hakukosa Jumamosi hata moja ukumbini, iwe kuna onyesho au ndoo tu.

Na kisa cha hayo yote ni mluzi.

Zamani kamba za kumbi zilivutwa na mabaharia waliokosa meli, na mabaharia waliitana kwa mluzi. Mluzi mmoja, pazia linashuka, na chini ya pazia kuna gongo la mti lenye uzito wa mtu mzima. Ukipiga mluzi jukwaani bila kufikiri, umejiangushia gongo kichwani. Mabaharia waliisha, mwiko ukabaki, na adhabu yake mpaka leo kila mtu wa jukwaa anaijua. Unatolewa nje, unajizungusha mara tatu, unagonga, unaomba radhi. Na aliyekutoa ndiye anayepaswa kukufungulia, si mwingine.

Len Duxbury hakuwa mtu wa jukwaa. Alikuwa muuza mkate wa kupita nyumba kwa nyumba, na mluzi wake ulitangulia mkate wake. Akina mama walisikia mluzi wakaweka maji ya chai. Alikuwa mchumba wa Mavis. Jumamosi moja ya Oktoba 1964, mchana, Mavis yuko juu anakaza mafundo ya onyesho la kwanza, Len akaingia kwa mlango wa nyuma, akakatiza jukwaa kofia mkononi, anapiga mluzi kama kasuku aliyeachiwa. Alikuwa na furaha. Mfukoni alikuwa na barua kutoka Kanada, kazi ya reli, na nafasi mbili za meli. Mavis hakujua. Barua ile alikuja kuisikia baadaye, kwa mama yake Len.

"Wewe!" alipiga kelele kutoka juu. "Unataka kuniua? Nje! Nje, upesi!"

Wote jukwaani wakacheka. Mavis akashuka ngazi yeye mwenyewe, akamshika Len mabega, akamsukuma mpaka nje, huku Len anasema, "Mavis, ngoja kwanza, nina jambo," naye anajibu, "Jambo baadaye! Jizungushe mara tatu, ugonge, uombe radhi!" Akaufunga mlango. Nje mvua ilikuwa inanyesha.

Len akagonga.

"Mfungulie, jamani," alisema Doreen Haslam, rafiki yake, aliyekuwa anauza barafu tamu kwenye viti vya juu.

"Mwache alowe kidogo," alisema Mavis. "Mtu wa mkate huyo, akilowa analainika."

Basi hapo walivunjika mbavu. Mpiga tarumbeta alicheka mpaka akakaa chini. Len akagonga tena. "Hesabuni ishirini," Mavis akasema, na wakahesabu kwa sauti wote pamoja, kama wanaitikia wimbo. Wakiwa kwenye tisa Len akagonga mara ya tatu. Kwenye ishirini Mavis akatengeneza nywele, akafungua.

Kichochoro kilikuwa kitupu. Alidhani amenuna, atarudi na mkate wa Jumatatu. Alhamisi akasikia Len amepanda meli Liverpool. Mwezi uliofuata ikaja postikadi yenye picha ya daraja, bila anwani ya kumjibu, imeandikwa neno moja: "Niligonga."

Sasa mtu ataishije na neno kama hilo? Mavis alipata namna. Alijiambia kwamba mlango ule ni mnene, mbao za inchi tatu na chuma juu yake. Len hakusikia kitu. Hakusikia kicheko, wala utani wa mkate, wala ile hesabu ya ishirini. Alisimama mvuani, kimya, akafikiri wamemsahau, akavunjika moyo, akaondoka. Hiyo ni ajali, na ajali mtu huweza kuibeba. Na kwa kuwa aliyetoa ndiye anayefungua, alibaki ndani, karibu na mlango, asije Len akagonga mara ya nne akafunguliwa na mtu mwingine. Miaka hamsini na minne. Najua mnavyofikiri. Hata yeye alijua. Lakini ukishakaa miaka mitano unaona aibu kuacha, na ukishakaa ishirini hujui tena mambo mengine ya kufanya.

Haya ndiyo hakuweza kuyasema mbele ya kikao. Alisema tu, "Mlango hauguswi," akaenda zake.

Wiki ya pili akaja afisa wa mkoa anayesimamia majengo ya kale, Bwana Gethin Prosser, mpole, mwenye tochi ndogo na magoti yanayolia. Sheria yake ilikuwa rahisi. Kama mlango ni wa Tulley mwenyewe, wa mwaka 1868, hakuna wa kuugusa, lifti au si lifti. Kama uliwekwa baadaye, ung'olewe tu. Akaumulika, akaupapasa, akanusa mbao.

"Kwa macho yangu ni wenyewe," alisema. "Mbao ni za zamani, misumari ni ya zamani. Lakini Bi Mavis, wewe ndiye kumbukumbu ya nyumba hii. Ukiniambia ndio, natia sahihi, maneno yanaishia hapo."

Rukhsana alimtazama Mavis bila kupumua.

 Mavis alikuwa anaujua mlango ule kuliko mtu yeyote aliye hai. "Nipe mpaka Jumamosi," alisema. "Nifikiri vizuri. Uzee huu."

Uzee gani! Alikuwa anakumbuka kila kitu. Kikombe alichokunywea chai siku ile anakikumbuka. Ila ukweli aliokuwa nao ulikuwa mchungu, na uongo ulitaka neno moja tu, tena dogo.

Jumamosi mchana alipofika kichochoroni alimkuta Doreen mahali pake. Doreen naye alikuwa na sabini na nane, miguu imemkatalia, yuko kwenye kiti cha magurudumu. Kutoka kichochoroni kupanda mlango wa nyuma ni ngazi tano, mbele ni kumi na moja. Miaka sita hajaingia Tulley. Lakini kila Jumamosi mpwa wake anamsukuma mpaka pale, anamfunika blanketi, anampa chupa ya maji ya moto na pakiti ya chipsi zenye siki, na Doreen anakaa chini ya ngazi mpaka onyesho liishe.

"Utapata kichomi, wewe mwanamke," alisema Mavis.

"Kichomi kitanikuta nimevaa sufu. Kaa. Kula chipsi, umekonda mpaka shingo imekuwa ya bata."

Mavis akakaa kwenye ngazi ya pili. "Unafuata nini hapa kila wiki? Si ukae nyumbani uangalie televisheni kama watu?"

"Nasikiliza."

"Unasikiliza nini? Mlango mnene hivi, utasikia nini wewe?"

 Doreen alifungua mdomo, akaufunga, akachukua chipsi moja akaitafuna taratibu. "Nimesikia yule bwana amekupa mpaka leo," alisema hatimaye.

"Rukhsana ana mdomo."

"Wote tuna midomo. Mavis, nikuulize. Huu mlango si mzee Amos aliutengeneza? Lile gari la makaa ya mawe lilipougonga?"

 Mavis hakujua kama kuna mwingine anayekumbuka.

"Mimi sitasema," Doreen akaendelea. "Si mlango wangu. Ukimwambia yule bwana ni wa Tulley, nitaapa na mimi ni wa Tulley, hata wa Nuhu ukitaka. Lakini nikwambie kitu kimoja, halafu unichukie mpaka Jumatatu. Len harudi. Kama yuko hai ana wajukuu wanaozungumza puani, Kikanada. Anayekaa nje ya mlango huu kila Jumamosi ni mimi."

Lo! Mavis aliinuka kama aliyechomwa. Alipanda ngazi zile tano akaingia ndani bila kuaga, akaenda moja kwa moja juu kwenye kamba zake, akakaa sakafuni kwenye roshani, akalia kwa hasira. Alimkasirikia Doreen kwa sababu alisema kweli, na alijikasirikia mwenyewe kwa sababu miaka sita alikuwa anamruka rafiki yake kwenye ngazi akienda kumngojea mtu wa mkate.

Bwana Prosser alipofika saa tisa, Mavis alikuwa mlangoni na bisibisi mkononi.

"Umekumbuka?" aliuliza yule bwana.

"Sikusahau. Shika hapa."

Akaanza kufungua kile kibati kikubwa cha chuma kinachozunguka kitasa. Skrubu nne zilizoshika kutu, na hakutaka kusaidiwa. Rukhsana alikuja akasimama nyuma yao, vidole mdomoni. Kibati kilipotoka, chini yake mbao ilikuwa safi, rangi ya asali, na penseli bado inasomeka vizuri: "A. Ramsden, na Mavis aliyeshika tochi. Machi 1953."

"Nilikuwa na miaka kumi na miwili," alisema Mavis. "Baba alitumia mbao na misumari ya sakafu ya jukwaa la zamani, ndiyo maana umedanganyika. Si mlango wa Tulley. Ni wa kwetu." Akampa bisibisi. "Wekeni lifti yenu."

Rukhsana alitaka kumkumbatia, lakini Mavis akanyoosha mkono mbele kama polisi wa barabarani. "Usinianzie. Nitabadili mawazo."

Ilichukua wiki tatu kupata karatasi na fundi. Fundi alikuwa Tomasz Wilk, Mpolandi aliyekaa Burnshaw miaka kumi na tano, seremala hodari, mtu wa kuvunja kitu kwa adabu. Alimuuliza Mavis kama angependa kubaki na mlango, aupeleke nyumbani. "Niuweke wapi? Kwenye bustani, kuku waingilie?" Hana kuku. Lakini asubuhi ya siku yenyewe alifika mapema kuliko mafundi, kavaa koti lake zuri, na alipomwona Tomasz anashusha vyombo, akamsogelea.

"Kabla hujaung'oa nina ombi. Mimi natoka nje. Wewe funga. Nitajizungusha mara tatu, nitagonga, na wewe utanifungulia."

Tomasz hakucheka. Alikuwa amefanya kazi Tulley siku za kutosha. "Umepiga mluzi, mama?"

"Mimi sikupiga. Kuna mtu alipiga, namlipia."

Mvua ilikuwa inanyesha, mvua nyembamba ya Burnshaw isiyoisha. Chini ya ngazi alikuwepo Doreen, kafunikwa nailoni, kaja kuona mwisho wa mlango. Mavis akatoka, na nyuma yake mlango ukafungwa. Katika miaka yote ile hakuwahi kusimama nje ya mlango ule ukiwa umefungwa na watu wako ndani. Siku zote ufunguo ulikuwa wake, na wa ndani alikuwa yeye.

Akaanza kujizungusha, polepole, kashika ukuta. Mara ya kwanza. Ya pili. Hapo akasimama.

Alikuwa anasikia kijiko. Mtu ndani alikuwa anakoroga chai, na kijiko kinagonga kikombe. Kisha sauti ya Rukhsana, wazi kabisa, kama yuko begani kwake: "Usimfungulie upesi, Tomasz. Mwache apigwe na mvua kidogo, ametutesa sana huyu!" Na kicheko. Kicheko kizuri, cha upendo, cha watu wanaomtania mtu wao. Mbao za inchi tatu, lakini chini mlango haukugusa sakafu, na katikati kulikuwa na tundu la barua ambalo baba yake alilikata mwenyewe. Kila neno lilipita.

*Akilowa analainika.*

Na ishirini ile, waliyoihesabu wote kwa sauti.

 Akaketi na koti lake zuri kwenye ngazi iliyolowa.

"Doreen," alisema. "Unasikia?"

"Nasikia."

"Siku zote husikika hivi?"

"Kila neno, mpenzi wangu. Unadhani nilikuwa nafuata nini hapa miaka sita?"

"Ulijua. Ulijua alisikia."

Doreen alitoa mkono kwenye nailoni akamshika Mavis kifundo cha mguu, maana ndipo mkono wake ulipofika. "Nilikujua wewe," alisema. "Ningekwambia ili iweje? Na mimi si nilicheka?"

Mavis alilia pale mvuani, mama wa miaka sabini na saba, bila kuficha uso. Akalia kwa ajili ya kijana aliyesimama hapo na nafasi mbili za meli mfukoni, akisikiliza anavyochekwa. Len hakudhani amesahauliwa. Alijua wako ndani, anajua sauti ipi ni ya nani, na akagonga hata hivyo, mara tatu.

Baada ya muda akajiinua, akajikaza, akamaliza mzunguko wa tatu. Akanyoosha nywele. Akagonga.

Alikuwa ameinua mkono agonge tena mlango ulipofunguliwa. Tomasz alikuwa ameshika kitasa tangu mwanzo.

"Ingia, mama," alisema. "Utalowa."

Mavis aliweka mguu kizingitini.

"Ndiyo," alisema. "Hivyo tu ningemwambia." Kisha akageuka akamwambia Doreen asiende popote, akaingia, akapisha njia mafundi waanze kazi.